Banda la uani ndiyo nyumba yenyewe

"Banda limeisha, nyumba lini?"

Ananiuliza mteja aliyefuata gauni lake, ananiuliza mjumbe wa shina. Hata kijana aliyeniletea mchanga wa baraza alisimama mlangoni akichungulia ndani, kama anatafuta mlango wa pili unaoelekea kwenye vyumba vingine. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo najibu hapa mara moja: hakuna nyumba nyingine inayokuja. Hili banda ndiyo nyumba yenyewe.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nina fremu yangu karibu na Msamvu, nina miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na mitatu nilipanga. Kiwanja nilikinunua Mkundi, ishirini kwa ishirini, kikiwa na mwembe mmoja na kichuguu. Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa kama wa kila mtu: jenga banda nyuma ya kiwanja, hamia, achana na kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu mbele uinue nyumba ya vyumba vitatu taratibu kadiri Mungu atakavyojalia. Majirani zangu wanne walianza hivyohivyo. Wawili kati yao wana misingi iliyoota majani mbele ya mabanda yao, na kila wakitoka asubuhi lazima wauruke ule msingi kwenda barabarani. Hilo ndilo lililonifikirisha. Watu wanaishi kwenye kitu ambacho hawakimalizi kwa sababu wanasubiri kingine, na hicho kingine hakiinuki.

Boma lilisimama mwaka 2022: tofali za inchi sita, bati, madirisha mawili, mlango mmoja. Ukipima kwa ndani ni mita 6 kwa mita 3 na sentimita 20. Likakaa pagale karibu miaka miwili. Popo wakahamia kabla yangu.

Wakati huo nikawa naangalia video za Wamarekani wanaojenga vijumba juu ya matrela. Upana wao hauzidi futi nane na nusu, kwa sababu ukizidi hapo barabarani unatakiwa kibali maalumu. Nilivutiwa sana. Halafu nikasoma kwamba kanuni zao za ujenzi za mwaka 2018 zinahesabu nyumba kuwa ndogo ikiwa haizidi futi za mraba 400, yaani mita za mraba 37 hivi. Nikapiga hesabu ya banda langu: mita 19 na kidogo. Nikacheka peke yangu. Mita 37 huku kwetu ni chumba na sebule ya baba mwenye watoto wanne, na hakuna anayekuja kumrekodi video.

Jambo moja nilijifunza kwao na nimelishika: kila kitu kiwe na mahali pake kabla hujakinunua. Jambo moja nililikataa, kitanda cha juu. Wao hulala darini ili chini pabaki wazi, nami nilitaka hivyo, nikachora kabisa. Kabla sijanunua mbao nikaegemeza ngazi kwenye kenchi, saa nane mchana, mwezi wa pili, nikapanda nikakaa pale juu chini ya bati. Nilipanga kukaa dakika kumi. Sikufika tano. Nikashuka nguo zimelowa kama nimetoka mtoni, nikachukua kifutio.

Kitanda changu kiko chini, futi 4 kwa 6, na chini yake kuna droo tatu za kina zinazobeba karibu kila kitu ninachomiliki.

Michoro yote iko kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, maana ndilo huwa mkononi. Ukurasa wa kushoto kifua 38, kiuno 30, nyonga 42. Ukurasa wa kulia dirisha 120, kaunta 180, bafu 120 kwa 200. Kuna siku nusura nimkatie mtu sketi kwa kipimo cha mlango wa bafu.

Kuna kazi ambazo sikuzigusa. Umeme nilimpa fundi mwenye leseni, kwa sababu bila mkandarasi anayetambulika ombi lako la umeme haliendi popote, na hata lingekwenda, moto si kitu cha kujifunzia. Yeye alipitisha mabomba ya waya ukutani kabla ya lipu, waya wa milimita 1.5 kwenye taa na 2.5 kwenye soketi. Fundi bomba akafuata. Lipu nayo nililipia. Niliwahi kujaribu kupiga lipu nyuma ya choo cha zamani na ninajua uwezo wangu unaishia wapi. Kilichobaki, yaani sakafu, dari, tailizi za bafuni, skimu (kulainisha ukuta kabla ya rangi), rangi na meza, nikasema ni changu. Nilianza Juni 2024, siku za Jumamosi mchana na Jumapili, nikahamia Februari 2025 rangi ya bafuni ikiwa bado inanuka.

Nianze na sakafu, maana ndiyo inayopigwa picha na kila anayeingia.

Kila mtu aliniambia weka tailizi chumba kizima. Tailizi ni nzuri, bafuni nimeweka. Lakini nilitaka niru nyekundu, ile saruji yenye rangi inayong'arishwa kwa mwiko, kama ya nyumba ya bibi yangu, sakafu ambayo mchana wa Januari unailalia bila mkeka na mgongo unashukuru. Ukiwauliza mafundi vijana wanakuambia hiyo ni kazi ya kizamani, na ukweli ni kwamba wengi wao hawaijui. Nilimpata mzee mmoja wa mtaani ambaye ameacha kazi kwa sababu ya magoti. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, mimi kupiga magoti siwezi tena. Lakini naweza kukaa kwenye kiti nikuangalie." Akaja na kiti chake, siku mbili, akakaa nje ya dirisha.

Kwanza mchanga. Alinifundisha kuupima kabla gari halijamwaga: chukua chupa ya kioo, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, iache itulie. Mchanga unakaa chini na tope linalala juu yake kama malai. Gari la kwanza tope lilikuwa unene wa kidole gumba. Nikamwambia kijana ageuze.

"Mama, mchanga huuhuu wamejengea ghorofa."

"Ghorofa si langu, baba."

Jamvi, yaani zege la chini, lilikuwa na matone ya lipu na mafuta ya pikipiki, kwani saidia fundi alikuwa akilaza chombo chake humo. Nikalikwangua kwa patasi, nikalisugua kwa brashi ya waya, nikalilowesha usiku kucha, asubuhi nikalipaka uji wa saruji ili sakafu mpya ishikane na ya chini. Mchanganyiko ni karai moja la saruji kwa matatu ya mchanga, na maji machache: ukiufumbata unabaki na alama za vidole lakini hautoi jasho. Unatandaza unene wa sentimita nne kwa kufuata uzi, unavuta kwa rula ya aluminiamu, unapima kwa pima maji, unavuta tena. Hadi hapo ni nguvu tu.

Utamu unaanza kwenye niru. Unachanganya saruji na rangi ya oksaidi, kilo moja ya rangi kwa kilo kumi za saruji. Usizidishe kwa tamaa ya wekundu, ukizidisha inachubuka. Unaipaka juu ya sakafu ambayo bado mbichi, kisha unasubiri, na kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Ukiwahi kupitisha mwiko, maji yanapanda juu na rangi inaelea. Ukichelewa, unakwaruza jiwe. Mzee alikuwa akiniambia nibonyeze kwa dole gumba: pakibaki alama na kidole kikatoka kisafi, anza. Na mwiko wa chuma una sauti. Mwanzo unanyonya kama ndala kwenye tope. Baadaye unateleza kimya, na hapo ndipo sakafu inapoanza kung'aa, unaona kivuli cha mkono wako mwenyewe. Mwisho unalia kama kijiko kinachokwangua sufuria. "Umelia, acha," mzee alisema kutoka dirishani, na kila nilipoongeza mkono mmoja baada ya kilio kile niliharibu.

Nilifanya nusu ya ndani Jumamosi na nusu ya mlangoni Jumapili. Rangi nilikuwa nimeinunua Gerezani, Kariakoo. Treni ya SGR ilikuwa ndiyo kwanza imeanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi huo wa Juni, nikaenda na kurudi siku moja kama mtu aliyekwenda sokoni. Jumapili saa nne, mchanganyiko haujafika hata katikati, paketi ikaisha. Sakafu mbichi haimsubiri mtu. Nikamtuma mtoto wa kaka yangu dukani hapahapa, akarudi na paketi ya kampuni nyingine, nyekundu, imeandikwa nyekundu, nikaimimina.

Sasa nisikilize. Wasichana wanaokuja kujifunza kushona kwangu, sheria ya kwanza ninayowapa kabla hawajashika mkasi ni hii: gauni moja halikatwi kwenye majora mawili. Hata rangi iwe na jina lilelile, hata muuzaji akuapie, kila jora lilitiwa rangi siku yake. Ninalisema hilo tangu mwaka 2009. Nikalisahau nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu yangu mwenyewe.

Baada ya siku saba za kuilowesha kwa magunia nilipofunua, nusu ya ndani ilikuwa nyekundu ya tofali la kuchoma, na nusu ya mlangoni ilikuwa rangi ya damu ya mzee. Mpaka umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, palepale nilipolaza mbao ya Jumamosi. Nililia kidogo, sitaficha. Mzee akachungulia dirishani, akanyamaza, kisha akasema, "Imekaa imara lakini."

Wiki chache baadaye akaja mteja wangu mmoja, akasimama kwenye mpaka ule, mguu huku na mguu kule. "Dada, umegawa chumba na sebule bila ukuta! Nani alikuchorea?" Nikamwambia nilifikiri mwenyewe. Tangu siku hiyo huo ndio ukweli rasmi, na meza ya kulia huwa haivuki mpaka.

Dari. Kwenye jipsam nilidhani nitakuwa nyumbani, kwa sababu ni kitambaa kikubwa kinachoungwa. Mbao za 2 kwa 2 zilizotiwa dawa, kutoka Mafinga, nikazipanga kila sentimita 60 ili kila ubao wa jipsam, ambao ni 120 kwa 240, upate mbao katikati na pembezoni. Tukatengeneza nguzo mbili za herufi T, mimi upande huu, mtoto wa kaka upande ule. Tunainua, tunaegemeza, anapanda kupiga skrubu. "Shangazi, shikilia!" Shangazi anashikilia, shingo inakakamaa, vumbi linaingia jicho lilelile kila mara.

Chumba changu si mraba. Ukuta mmoja umekwenda sentimita nne nje ya pembe, jambo ambalo huwezi kuliona kwa macho mpaka ubao wa mwisho ugome kuingia. Hapo ushonaji ulinisaidia. Mabega ya binadamu hayalingani, kila fundi cherehani anajua. Humkatii mtu kwa kudhani, unatengeneza patani. Nikaunga maboksi ya tailizi kwa gundi, nikayabana pale kwenye pengo, nikachora ukuta kwa chaki yangu ya kushonea, nikakata, nikahamishia kwenye jipsam. Ubao ukaingia kama mkono kwenye kwapa. Fundi jipsam mmoja aliyepita kusalimia akaniomba nimwachie lile boksi akawaonyeshe wenzake, sijui kama alikuwa ananitania.

Lakini kwenye maungio ushonaji uliniponza. Kwetu mshono mzuri ni mwembamba: ukionekana umeharibu, kwa hiyo unaubana. Nikabandika mkanda wa nyuzi kwenye kila ungio, nikapaka unga wa jipsam upana wa vidole vinne, safi, nyembamba, nikajisifu. Jioni nikawasha taa. Mwanga ukapita kwa ubavu na dari nzima ikaonekana ina matuta, kama mtu aliyelala chini ya shuka. Kwenye jipsam mshono unafichwa kwa kutandazwa. Unautoa nje hadi sentimita 30, unafifisha, unarudia, mpaka jicho lisijue kilima kinaanzia wapi. Ilibidi nirudie maungio yote.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: osha ndoo. Unga wa jipsam ukichanganya na maji una dakika kama ishirini hivi kabla haujaganda, lakini ndoo ikiwa na mabaki yaliyokauka unaganda haraka zaidi, kwa sababu yale mabaki yanauharakisha mchanganyiko mpya. Nilitupa ndoo tatu nikidhani nimeuziwa unga mbovu. Nilikuwa tayari kwenda kugombana dukani.

Skimu na rangi sina la kusema. Ni vumbi, msasa, vumbi. Nilipaka nyeupe isiyo kali kila mahali kwa sababu chumba kidogo chenye rangi tatu kinakuwa kama duka la simu.

Bafu ni mita 1.2 kwa 2, choo na maji ya kuoga humohumo. Hapa kitu kimoja ndicho muhimu, mwinamo. Sakafu ishuke kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita mbili kwa kila mita. Nililijua hilo, nikaliandika daftarini, nikalipigia mstari. Nikapaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, nikaweka tailizi za 30 kwa 30, nikakaa nyuma nikitabasamu. Mtoto wa kaka akatoa gololi mfukoni, akaiweka katikati ya bafu. Gololi ikafikiri kidogo, halafu ikaanza safari taratibu kuelekea mlangoni, ikatoka, ikavuka damu ya mzee, ikaishia chini ya mfuko wa saruji.

Hakusema kitu. Alikuwa anajizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Kumbe nilipima mwinamo kutoka ukutani, na tundu halipo ukutani, liko sentimita 40 kutoka ukutani. Tailizi kumi na nne zikatoka kwa patasi na nyundo, na chini yake dawa yote ya kuzuia maji ikatoboka, ikabidi ipakwe upya. Gololi nikamnyang'anya. Sasa hivi ninayo ndani ya kopo la vifungo na nimeshawaazima majirani wawili.

Mlango wa bafu ni wa kuteleza, wa mtiki, umening'inia kwenye reli. Mlango wa kufunguka ungekula nafasi ambayo sina. Kuhusu sauti sitawadanganya: mlango wa kuteleza haufungi kama mlango wa bawaba. Mgeni akiingia bafuni mimi huwasha redio. Wageni wangu wa kudumu wanaiwasha wenyewe wakiwa njiani kuelekea huko.

Jikoni ni kaunta ya zege, urefu wa mita 1.8, na jiko la plati mbili juu yake. Mtungi wa gesi uko nje, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, na mpira unapita kwenye tundu la ukuta. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inajaza chini kama maji, na kwenye chumba kimoja chini ndiko ulikolala wewe. Kwa hiyo pia niliacha tundu la hewa la ukubwa wa tofali usawa wa sakafu, lenye wavu wa chuma. Mama mmoja aliuliza kwa nini nimetengeneza mlango wa panya. Kama utaiga kitu kimoja tu kwenye hii nyumba, iga huo mlango wa panya.

Meza ya kukatia nguo inakunjwa ukutani: mita 1.8 kwa sentimita 75, bawaba nne, minyororo miwili. Ilianguka. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nanyoosha suruali ya bwana harusi, meza ikatoka na ukuta. Suruali ilipona. Pasi ilichimba sakafu shimo la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, upande wa tofali la kuchoma. Nilipochunguza, hesabu ilikuwa ya darasa la tatu. Skrubu ilikuwa ya inchi mbili, yaani sentimita tano. Ubao wa kushikilia meza ulikula mbili na nusu, lipu ikala mbili. Kwenye tofali lenyewe iliingia nusu sentimita. Meza ya kilo thelathini ilikuwa imening'inia kwenye lipu. Sasa nina skrubu za inchi nne na fisha (zile plagi zinazoshika skrubu ukutani) za namba kumi, na nimeikalia mwenyewe kuhakikisha.

Swichi ya taa iko nyuma ya mlango mkubwa. Ukiingia usiku lazima uingie mzima, ufunge mlango, kisha upapase. Fundi umeme hana kosa. Aliiweka mahali sahihi, mimi ndiye niliyegeuza upande wa bawaba baada ya lipu ili mlango usigonge kaunta. Kuitoa ni kuchimba ukuta uliopigwa skimu. Bado napapasa.

Gharama, najua ndilo mnalongoja. Boma na bati lilikula milioni sita na laki nne. Ndani, nikihesabu tailizi kumi na nne na ndoo tatu za ujinga wangu, milioni nne na laki tisa, na hapo sijajilipa hata shilingi kwa Jumapili zangu. Wapo waliodhani chumba kimoja kikimalizwa ni laki tano tu. Bafu ni bafu hata nyumba iwe na vyumba kumi au kimoja, na soketi haziulizi una mita ngapi.

Mama yangu alikuja kutoka Matombo mwezi wa nne, kukagua. Alizunguka ndani, jambo lililochukua hatua tisa, akafungua droo zote, akapapasa kaunta, akaketi kitandani.

"Mwanangu. Mgeni atalala wapi?"

"Wewe ndiye mgeni, mama. Utalala hapo ulipokaa."

"Na wewe?"

Nikakunja meza ukutani, nikavuta godoro la futi tatu kutoka nyuma ya kabati, nikalitandika kati ya kitanda na kaunta. Linaingia na kubakisha sentimita ishirini za kupita; nililipima kabla sijajenga kaunta. Akaliangalia muda mrefu. "Na tukiwa na msiba?" Hilo sikulijibu haraka, kwa sababu ni swali la kweli, na wale wenye matrela sidhani kama wanaulizwa. Nikamfungulia mlango, nikamwonyesha nje. Mbele ya banda, pale ambapo ingeinuka ile nyumba ya vyumba vitatu, kuna uwanja mtupu, mwembe, na baraza la mita mbili kwa sita nililokuwa nimelimwaga mwezi uliopita. Watu hamsini wanakaa pale na turubai bado halijafungwa. Humo ndani ninalala, ninaoga, ninapika na kukata nguo. Mengine yote huwa tunayafanya nje hata wenye vyumba vitatu.

Mama akatoka, akakaa barazani, akaomba kisu na viazi. Mvua ikaanza kutoka upande wa Uluguru, ile ya masika isiyopiga hodi. Nikawa nabandika maji ya chai nikamsikia ananiita.

"Hili baraza lako, maji yanarudi ndani."

Nikaenda kwenye kopo la vifungo kutafuta gololi.